Kuwafundisha Wazee Kuimba

Zamani sisi walimu tulipenda kuwafundisha watoto tu kuimba, maana hushika upesi. Kisha wazee wachache wa hapa Iramba wakatujia jioni, wakiona haya mbele ya wajukuu wao. Kwa kuwa macho yao hayakuona ubao vema, tulitumia ishara za mkono za Mwingereza John Curwen, aliyefariki mwaka 1880: ngumi ni do, kiganja kilicholala ni mi.

Bibi mmoja, aliyezoea kunyamaza kanisani, akauliza, “Mwalimu, mbona toka mi hata fa hatua ni fupi?” Miaka mingi tuliiimba hatua hiyo bila kuifikiri. Mtoto hufuata, mzee huuliza, na mwalimu hujifunza upya.

Jumapili ile bibi aliimba. Walimu wenzetu, msiwafungie wazee mlango.