SIMU YA MSHAURI WA AFYA INAMSAIDIAJE MAMA ALIYE NYUMBANI?



Mama anaweza kuanza kutoka damu usiku, akiwa nyumbani na watoto tu. Asubuhi inaweza kumkuta amechelewa. Nchini Rwanda simu ndogo ya mkononi imetumiwa kupunguza hatari hiyo.

Mpango ulianza wapi?

Mwaka 2009 Wizara ya Afya, ikisaidiwa na UNICEF, ilianza mpango wa RapidSMS katika wilaya ya Musanze. Miaka iliyofuata ulienezwa nchi nzima, mashambani na mijini, hata katika sekta kama Rwezamenyo, jirani na Nyamirambo, jijini Kigali.

Unafanyaje kazi?

Kila kijiji kina washauri wa afya waliochaguliwa na wakaaji wenyewe. Kwa Kinyarwanda huitwa abajyanama b'ubuzima. Si madaktari, ni majirani waliofundishwa. Chini ya mpango huo, mshauri alimtembelea mama mjamzito nyumbani, akamwandikisha kwa ujumbe mfupi wa simu. Ujumbe ulipokelewa na kompyuta, nayo ikamkumbusha mshauri siku ya mama kwenda kupimwa ilipokaribia. Akiona dalili ya hatari, mshauri alituma ujumbe wa dharura ili kituo cha afya kijulishwe na mama apelekwe haraka.

Simu haiwezi nini?

Simu haitibu. Tena haijui mama ambaye hakuna aliyemtaja. Mama anayeficha mimba hadi mwezi wa saba hana wa kumkumbusha, wala wa kumwitia gari. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni yako: sema mapema.

Tunawaomba mfanye hivi:

1. Ukijua una mimba, mwambie mhudumu wa afya wa eneo lako, ukapimwe kabla ya miezi mitatu kutimia.

2. Usingoje asubuhi ukiona moja ya dalili hizi: kutoka damu, kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona giza, degedege, homa kali, chupa kuvunjika kabla ya uchungu, au mtoto kuacha kucheza tumboni.

3. Baada ya kujifungua, toa habari mara moja ikiwa mama anatoka damu nyingi, au mtoto mchanga hanyonyi, anapumua haraka, ana joto kali au amepoa mwili.

4. Ukiwa Rwanda, namba ya kuita gari la wagonjwa ni 912. Kuipiga ni bure.

Akina baba, jambo hili ni lenu pia. Hakikisheni kwamba nyumbani kuna simu yenye moto, na kwamba hata mtoto mkubwa anajua namba ya kupiga na nyumba ya mhudumu.

Kumbuka: habari ikitolewa mapema, msaada huweza kufika mapema.