Kayaki huchaguliwa kwa tumbo, si kwa rangi

WAHENGA walisema kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ngama ni pale chini kabisa ya chombo. Methali hiyo ya mabaharia yamfaa pia yeyote anayefunga safari ya Sagana, takriban kilomita 100 kutoka Nairobi, kujifunza kuendesha kayaki katika maji ya kasi ya Mto Tana.

Mgeni akionyeshwa vyombo hivyo vya plastiki, jicho huvutwa na rangi. Lakini kinachoamua iwapo atapita poromoko akiwa wima au kichwa chini ni tumbo la chombo, yaani sehemu inayolalia maji.

Kuna matumbo ya aina mbili. La kwanza ni bapa, lenye kingo kali. Hili huteleza juu ya maji kama sahani, hugeuka upesi na huweza kukaa juu ya wimbi moja bila kuchukuliwa na mkondo. Ubaya wake ni kwamba kingo zikinaswa na mkondo wa ubavuni, mwendeshaji hupinduliwa kufumba na kufumbua.

La pili ni la mviringo kama kibuyu. Hili husamehe makosa. Wimbi la ubavuni hupita chini yake, na likigonga jiwe huteleza badala ya kukwama. Hata hivyo, ni gumu kuchezea juu ya mawimbi.

Aidha, kitazame chombo kutoka ubavuni. Kilichobinuka omo na tezi mfano wa ndizi hupanda juu ya mawimbi na kugeuka kwa urahisi. Kilichonyooka huenda kasi na kushika njia, lakini pua yake huzama upesi.

Sasa tuitazame mito yenyewe. Mathioya, unaoteremka kutoka milima ya Aberdare kupitia Murang'a, ni mwembamba, wenye mteremko mkali na mawe tele. Huko yafaa kayaki nene, ya mviringo, iliyobinuka ncha zote mbili. Tana pale Sagana una sehemu za maji matulivu baina ya maporomoko. Hapo mwanafunzi atafaidika na chombo cha wastani: bapa kidogo katikati, kingo laini, urefu wa mita 2.5 hivi.

Mto Nile huko Jinja, Uganda, ni mambo mengine. Mabwawa ya Bujagali (2012) na Isimba (2019) yalimeza baadhi ya maporomoko, lakini maji bado ni mengi na ya kina. Wajuzi huchezea mawimbi yake kwa kayaki bapa zisizofika mita mbili.

Kumbuka pia kwamba mto haukai vilevile. Mvua za Machi hadi Mei huweza kufunika mawe yaliyokuwa wazi Februari, na chombo kilichofaa jana kikawa hatari leo. Kadhalika, uzito wa mwili ni muhimu: mtu mzito huzamisha kayaki ndogo, naye mtoto hushindwa kuiinamisha kubwa.

Mzazi, mwanao asiingie majini bila helmeti, jaketi la kuelea na mwalimu. Kisha muulize mwalimu huyo maswali mawili: mto uko vipi leo, na kayaki hii ina tumbo gani? Akibabaika, heri mrudi nyumbani na nguo kavu.