Mfarishi wa Tabaka Tatu

Ruangwa na Nachingwea, mkoani Lindi, ni nadra kuikuta nyumba isiyokuwa na kanga iliyochakaa mji ilhali pindo zake zingali imara, wala baraza la fundi cherehani lisilokuwa na rundo la vipande vya kitenge chini ya meza. Na vitu hivi, ambavyo aghalabu huishia kuwa matambara ya kufutia vyombo, ndivyo viwezavyo kuwa asili ya mfarishi, yaani nguo ya tabaka tatu iliyotiwa darizi, ambayo mwenyewe aweza kujifunika wakati wa kipupwe au kuitundika ukutani kwa fahari.

Tabaka ya juu ni uso, ambao ndio picha. Ya kati ni ujazo wa pamba, wa sufi, au wa blanketi kuukuu. Na ya chini ni bitana, ambayo upande mmoja wa kanga, wenye urefu wa kiasi cha mita 1.5, watosha kuifanya. Nguo zote hufuliwa kwanza na kupigwa pasi, maana pamba mpya hurudi na kaniki huchuja. Juu ya kitenge cha rangi kali, mwenye jicho la sanaa hulaza melimeli nyepesi, hata rangi ya chini ikaonekana kama kwa mbali. Kisha tabaka zote hupigwa bandi kuanzia katikati kwenda pembeni, ili mikunjo isifungiwe ndani.

Hapo ndipo uzi unapoanza kazi yake, nami nadhani wengi huudhulumu kwa kuudhania pambo tu. Kila mshono upitao tabaka zote tatu huivuta nguo chini, na palipoachwa hubaki kilima kidogo chenye kivuli chake. Tena mshono huo huo ndio uuzuiao ujazo usihame, hususa ukiwa wa sufi, ambayo nyuzi zake ni fupi na telezi. Zari na nyuzi nene za hariri, ambazo zingeikwaruza nguo kama zingelazimishwa kupita tunduni, hulazwa juu ya uso na kufungwa kwa uzi mwembamba hatua kwa hatua. Basi uzuri na uimara hapa havitenganiki, na atakayeipunguza mishono kwa haraka atavikosa vyote viwili.

Stadi za namna hii si ngeni kwetu. Katika magofu ya Kilwa, ndani ya Mkoa huu wa Lindi, wachimbuzi wa mambo ya kale wamevumbua vigurudumu vya kusokotea nyuzi za pamba. Na yasimuliwa kuwa kanga yenyewe ilianza katika karne ya 19, wanawake wa pwani walipounganisha leso kadhaa zikawa vazi moja. Lakini ushahidi unigusao zaidi uko ng'ambo ya bahari, katika misitu ya Karnataka nchini India, waishiko Wasiddi, ambao wengi katika wahenga wao walichukuliwa utumwani na Wareno kutoka pwani za Afrika, Msumbiji ikiwamo, wakapelekwa Goa. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi kwa nguo kuukuu juu ya sari iliyochakaa: huanza pembeni, wakizunguka kwa mishono midogo iliyonyooka mpaka wafike katikati, na kila pembe huikamilisha kwa vipande vilivyokunjwa mfano wa ua, ambavyo bila hivyo mfarishi huhesabiwa kuwa uchi.

Majina ya kanga nashauri yasikatwe ovyo, bali yashonwe mazima mahali yanaposomeka. Taraza ya kuzungushia ukingo ikatwe mshazari, ipate kukunjika vyema kwenye pembe; na atakayeutundika mfarishi wake ashone nyuma ya pindo la juu mfereji wa kupitishia ufito, kisha achague ukuta usiopigwa na jua, kwa kuwa rangi za kitenge hupauka.