Puto la Serengeti ukitokea Ifakara: hesabu yote, na jinsi tulivyolizwa laki saba

Kuna swali moja linanifuata kila kona, kuanzia Kibaoni mpaka Viwanja Sitini: "Kaka, nasikia mlienda Serengeti. Lile puto wanapandisha shilingi ngapi? Na mtu akitokea huku kwetu anafikaje?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka mdomo umechoka. Leo naandika yote kwa mpigo, pamoja na ile sehemu ambayo sipendi kuisema.

Kwanza tuelewane hili puto ni nini, maana wengine wanadhani ni kama ndege. Sio ndege. Ni mfuko mkubwa wa kitambaa chepesi kinachovumilia joto, na chini yake kuna kapu la kusukwa la kubebea watu. Juu ya kapu wanafunga majiko ya gesi yanayorusha moto ndani ya mfuko. Hewa ikipata moto inatanuka na kuwa nyepesi kuliko hewa ya baridi iliyoko nje, basi mfuko unapanda. Ndo hivyo tu. Hakuna injini, hakuna usukani. Rubani ana kazi mbili, kupanda na kushuka. Akitaka kubadili uelekeo anatafuta urefu wenye upepo unaokwenda kule anakotaka, kwa sababu upepo wa chini na wa juu mara nyingi haufanani. Akishindwa kuupata, mnatua mtakapotua, na chini kuna magari yanawafuata porini kuja kuwachukua.

Hii kitu ni ya zamani mno. Wafaransa walirusha kondoo, bata na jogoo mwezi Septemba 1783, wakaona wamerudi salama, na mwezi Novemba mwaka huohuo watu wawili wakapanda pale Paris. Na sisi tumo kwenye historia yake, japo kwa hadithi za kutunga: Jules Verne, mwandishi wa Kifaransa, alitoa kitabu mwaka 1863 ambamo wazungu watatu wanapaa na puto kutoka Zanzibar, wanapita juu ya bara letu mpaka Senegali. Mwenyewe alikuwa hajafika Afrika hata siku moja. Huku kwetu kwa kweli ni yule mpiga filamu wa Kenya, Alan Root, aliyeruka na puto juu ya Kilimanjaro mwaka 1974, na baada ya hapo biashara ya kupandisha watalii ikaanza Maasai Mara. Serengeti ilianza mwaka 1989.

Sasa tuje kwenye hela.

Bei ya kawaida ya Serengeti ni kama dola 600 kwa kichwa, kwa saa moja hivi ya kuwa juu, pamoja na kifungua kinywa cha porini mkishatua. Mwaka 2024 tulipopanga sisi, dola ilikuwa inacheza kwenye shilingi 2,600. Piga mwenyewe: inapita milioni moja na nusu. Mtu mmoja! Watu wawili mkipanda mmekaribia kununua bodaboda mpya. Kwa hiyo yeyote anayekwambia puto ni la kila mtu, muulize yeye amepanda lini.

Tulikuwa washikaji watatu. Tumevuna mpunga, tumeuza, tukachanga tukapata milioni mbili na laki tisa. Ukiangalia hesabu ya hapo juu utaona hata viti viwili havitimii. Ndipo mie mwenyewe, mjuaji, nikaingia mtandaoni kutafuta bei ya chini. Nikapata namba. Jamaa wa upande wa pili mpole kweli, ananiita "bosi", anasema kuna ofa ya wazawa, laki saba badala ya milioni na nusu, ila viti vimebaki vitatu na malipo ni leo leo kwa simu. Akanitumia na picha ya maputo chungu nzima angani alfajiri, yanapita juu ya mawe marefu yaliyochongoka kama minara. Nzuri ajabu. Nikawaonyesha wenzangu, mmoja wao akashindwa kuvumilia, akalipa laki saba yake jioni ileile. Asubuhi namba haipatikani mpaka leo.

Nimekuja kugundua baadaye, tena kwa kuambiwa na binti mmoja wa kidato cha tatu, kwamba ile picha haikuwa Serengeti. Ilikuwa Kapadokia, Uturuki. Kule ndiko kwenye yale mawe, na kule asubuhi moja ya hali nzuri yanaweza kupaa maputo zaidi ya mia. Serengeti ni tambarare ya nyasi na migunga, na maputo unayahesabu kwa vidole. Nilikuwa nimeikodolea macho ile picha nusu saa nzima na sikujiuliza hayo mawe yako wilaya gani.

Basi kama unataka kununua kiti, usinunue kwa mtu aliyekukuta wewe. Watafute wewe mwenyewe wenye kibali cha kurusha puto ndani ya hifadhi, uliza pia hotelini au kwa wakala mwenye ofisi unayoweza kuiingia kwa miguu, na udai risiti. Uliza kama wana bei ya mkazi, wakati mwingine huwa ipo, lakini punguzo la zaidi ya nusu likikufuata lenyewe mpaka chumbani kwako, kimbia.

Tulienda hivyohivyo na hela iliyobaki, mwezi wa nane. Puto tulishalifuta kwenye bajeti, ila nauli na hifadhi tuliona inawezekana. Njia yetu ilikuwa hii. TAZARA inapita mlangoni kwetu lakini kwa safari hii haisaidii kitu, inakupeleka Dar au Mbeya. Tulipanda basi Ifakara hadi Morogoro, pale tukachukua treni ya umeme ya SGR, ambayo ilikuwa ndo kwanza imeanza kwenda Dodoma mwezi wa saba 2024. Tamu hiyo treni, we acha tu. Tukalala Dodoma. Kesho yake basi la Mwanza, kutwa nzima, Singida, Nzega, Shinyanga, unashuka miguu imevimba. Siku ya tatu gari hadi Lamadi, ambako ndo karibu na lango la Ndabaka, upande wa magharibi wa Serengeti. Wengi wanajua njia ya Arusha tu, lakini kule unakatiza Ngorongoro na kule nako unalipia. Ndabaka unaingia Serengeti moja kwa moja.

Lamadi tulikodi gari na dereva. Hii ndiyo inayokula hela kuliko kitu kingine, kwa hiyo mkiwa wengi ndo nafuu. Kiingilio cha Mtanzania kilikuwa shilingi 11,800 pamoja na VAT, wakati mgeni wa nje analipa dola 70 na VAT juu yake. Na msibebe maburungutu ya noti mkadhani mtalipa getini: wanataka kadi au namba ya malipo. Tuliona familia moja imekwama pale na hela mkononi, wanahangaika.

Kuna jambo moja ambalo hakuna aliyetuambia, na ndilo linalovuruga mipango ya watu. Puto linapaa alfajiri, jua likichomoza, kwa sababu saa hizo hewa imetulia. Jua likishapasha ardhi, hewa inaanza kupanda kwa vurugu na puto halina pa kujificha. Lakini magari ya kawaida hayaruhusiwi kutembea hifadhini kabla ya saa 12 asubuhi. Maana yake huwezi kulala gesti ya Lamadi ukasema utawahi puto. Lazima ulale ndani, maeneo ya Seronera, ili wenye puto wakufuate gizani. Ukiwa na hema kuna kambi za umma, ambazo ni nafuu kuliko hoteli kwa mbali sana. Tulilala hapo. Fisi walilia usiku mzima, mwenzetu mmoja alikataa katakata kwenda chooni.

Kuhusu wakati, Seronera wanyama wapo mwaka mzima, simba hasa. Ila kama unawafuata nyumbu, ujue wanahama: Januari hadi Machi wapo kusini kuelekea Ndutu, Mei na Juni wanapita upande wa magharibi, Julai hadi Oktoba wako kaskazini. Sisi tulienda wa nane na tukakaa katikati, kwa hiyo nyumbu tuliwaona wachache tu. Tembo na simba tuliwafaidi. Watoto chini ya miaka 7 hawapandi puto, na wajawazito pia hawaruhusiwi, kwa sababu mkitua kapu linaweza kuburuzwa au kulala ubavu. Hata kuingia, kapu linakuwa limelazwa chini na nyie mnaingia chali, halafu linasimama lenyewe puto likiinuka.

Haya nimeyapata kwa dereva mmoja wa magari yanayofuata maputo. Kupanda sikupanda. Tuliyaona kutokea kambini, mawili, yanapita juu yetu taratibu, na kila moto unapowashwa unasikia mngurumo kama dragoni wa sinema. Yule mshikaji aliyelizwa laki saba alikuwa amekaa juu ya ndoo, mswaki mdomoni. Akayatazama mpaka yakapotea, akasema, "Pale ndani kuna hela yangu ya kukodi shamba." Hatukucheka. Msimu uliofuata hakukodi kweli, alilima vibarua kwenye mashamba ya watu. Namba ile niliitafuta mimi, kwa hiyo nimeanza kumrudishia kidogokidogo. Imebaki laki mbili na nusu.

Wengine mnauliza kwa nini hakuna puto hapa kwetu Kilombero, mbona bonde ni zuri hivi. Nionavyo mie sababu ni nyepesi. Puto linataka pa kutua pakavu na njia za gari la kulifuata. Bonde letu masika linageuka bahari, kiangazi ni majaruba ya mpunga na miwa ya watu, na ubavuni kuna ukuta wa Udzungwa: Ifakara iko chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari, vilele vya juu kule vinapita mita 2,500. Upepo wa kwenye ukuta kama ule sio wa kuchezea. Halafu watalii wenyewe wa kulipa dola 600 hawaji kwa wingi huku.

Lakini ukuta huohuo ndio unaokupa kuona bonde kutoka juu kwa bei ya kwetu. Toka Ifakara asubuhi na gari la Kidatu, shuka Mang'ula kwenye makao makuu ya Hifadhi ya Udzungwa, lipa kiingilio (kwa Mtanzania ni elfu chache tu), chukua mwongozaji mgawane gharama yake. Njia ya maporomoko ya Sanje ni kama saa nne kupanda na kushuka. Maji yanaanguka mita 170 kwa hatua, kuna madimbwi ya kuogelea, na ukiwa juu unaliona bonde lote na miwa ya Kidatu imelala kama mkeka. Ukiwa na bahati utakutana na mangabe wa Sanje, kima ambaye wataalamu wamemjua mwaka 1979 tu na hapatikani popote nje ya Udzungwa. Vaa viatu vinavyoshika, beba maji na chakula chako, na anza mapema ili upate gari la kurudi.

Sisi watatu tunaenda Jumamosi ya kwanza baada ya mavuno. Nauli ya yule mwenzetu naitoa mimi, nje ya ile laki mbili na nusu.