Vifaa vya umeme vya ‘bei ya kumaliza stoo’: Nafuu ya kweli au mzigo?

Na Mwandishi Wetu, Shinyanga

MSIMU wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, maduka ya vifaa vya umeme nayo hufungua msimu wake. Mabango hutundikwa milangoni: “Bei ya kumaliza stoo”, “Bei ya kutupa”, “Nusu bei”. Mkulima wa Samuye aliyelipwa fedha za pamba au mpunga, na kijana aliyerejea kutoka machimbo ya Geita au Kahama akiwa na mgawo wake mfukoni, wote huvutwa na maandishi hayo.

Fedha za aina hii huja kwa mkupuo na mara chache kwa mwaka. Anayekosea kununua hawezi kurekebisha kosa lake mwezi unaofuata kama mtu wa mshahara. Husubiri hadi msimu mwingine. Kwa sababu hiyo swali la kama bei hizo ni nafuu kweli lina uzito mkubwa zaidi katika mikoa hii.

Jibu fupi ni kwamba baadhi ya bei hizo ni nafuu ya kweli na nyingine ni mzigo. Tofauti haionekani katika tarakimu zilizoandikwa kwenye bango. Inaonekana katika sababu iliyofanya bei ishuke.

Sababu mbili, bango moja

Mfanyabiashara hupunguza bei kwa sababu kuu mbili. Ya kwanza ni kwamba fedha zake zimelala. Toleo jipya limeingia, stoo imejaa, kodi ya pango inadaiwa na mkopo wa benki unaendelea kula riba. Kifaa chenyewe ni kizima, na kosa lake pekee ni kupitwa na mtindo. Hapo mnunuzi anaweza kupata nafuu halisi.

Sababu ya pili ni kwamba kifaa kimepoteza kitu kinachokifanya kiwe na manufaa: mawimbi kinayoyapokea, programu inayokiendesha, gesi inayokipoza, au spea za kukitengeneza. Hapo bei imeshuka, lakini thamani imeshuka zaidi ya bei. Bango la mlangoni halitofautishi sababu hizi mbili, na muuzaji naye hana haraka ya kuzitofautisha.

Funzo la runinga za chogo

Watanzania wamewahi kupata funzo hilo kwa gharama. Katika mkutano uliofanyika Geneva mwaka 2006, nchi za Afrika, Ulaya na sehemu ya Asia zilikubaliana kwamba ulinzi wa mawimbi ya runinga ya analojia ukome Juni 17, 2015. Tanzania haikusubiri tarehe hiyo. Mitambo ya analojia ya Dar es Salaam ilizimwa Desemba 31, 2012, na miji mingine, ikiwamo Mwanza, ikafuata mwaka 2013.

Runinga ya chogo iliyonunuliwa kwa bei ya kutupa siku za mwisho za analojia ilikuwa nzima kabisa, lakini ilikuwa haina cha kupokea. Mwenye nayo alilazimika kuongeza king'amuzi, mara nyingi na antena mpya, na malipo ya kila mwezi kwa chaneli za kulipia. Bei halisi ya runinga hiyo ilikuwa jumla ya vitu hivyo vyote.

Hata hivyo, haki itendeke kwa chogo. Kwa upande wa umeme si mlaji mkubwa kama inavyodhaniwa. Runinga ya chogo ya inchi 21 inayotumia wati 80, ikiwashwa saa tano kwa siku, inakula takriban uniti 12 kwa mwezi. Runinga bapa ya wati 40 inakula uniti sita. Tofauti ya uniti sita si jambo la kumfukarisha mtu. Tatizo la chogo leo ni spea zinazoadimika na kioo chake kizito chenye madini ya risasi, ambacho hakifai kuvunjwa wala kutupwa ovyo.

Simu na kompyuta: Nzima kwa nje, nzee kwa ndani

Kwa upande wa simu, onyo kubwa lilitolewa mwaka 2016. Katikati ya Juni mwaka huo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilisimamia kuzimwa kwa simu bandia katika mitandao yote nchini. Simu iliyonunuliwa kwa bei ya mteremko ikageuka saa ya mezani. Kenya ilikuwa imechukua hatua kama hiyo mwaka 2012. Mnunuzi anaweza kubonyeza *#06# ili aone namba ya utambulisho ya simu, yaani IMEI, kisha ailinganishe na ile iliyoandikwa kwenye boksi. Namba zikitofautiana, ni afadhali aondoke dukani.

Simu halali nayo huzeeka ikiwa ndani ya boksi. Betri ya lithiamu hupoteza uwezo hata isipotumika, hasa ikikaa stoo yenye joto bila chaji. Programu nazo husonga mbele na kuiacha simu nyuma. WhatsApp, kwa mfano, haifanyi kazi tena kwenye simu yenye mfumo wa Android ulio chini ya toleo la 5.0. Kijana anayenunua simu janja ya aina hiyo ili awasiliane na wenzake wa machimboni atakuwa amenunua kitochi chenye kioo kikubwa.

Kompyuta zinahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa tarehe muhimu imepita hivi karibuni. Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10, yakiwamo marekebisho ya usalama yaliyokuwa yakitolewa bure kwa watumiaji wote. Kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11, na hiyo ni sababu mojawapo inayozifanya ziuzwe kwa bei ndogo. Kwa mtu wa kuandika barua na kutunza hesabu za duka bila intaneti, kompyuta hiyo bado inaweza kuwa nafuu. Kwa anayefanya miamala ya benki au kutunza kumbukumbu za wateja mtandaoni, ni hatari, isipokuwa aweke mfumo mwingine unaoendelea kuhudumiwa, kama Linux.

Friji: Bei inayolipwa kupitia LUKU

Kifaa kinachoficha gharama kubwa kuliko vyote ni friji, kwa sababu haizimwi usiku wala mchana. Tufanye hesabu ya mfano kwa kaya iliyo katika daraja la D1, ambalo ni la watumiaji wadogo wa nyumbani. Kwa viwango vilivyoanza kutumika Aprili 2016, kabla ya kodi na tozo, mteja wa D1 hulipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Kila uniti inayozidi hapo hutozwa shilingi 350.

Tuseme kaya hiyo hutumia uniti 40 kwa mwezi kwa taa, runinga na simu. Inanunua friji kuukuu ambayo mpira wake wa mlango umelegea na inakula uniti mbili kwa siku, yaani 60 kwa mwezi. Jumla inakuwa uniti 100. Uniti 75 za kwanza ni shilingi 7,500, na 25 zilizozidi ni shilingi 8,750. Malipo ni shilingi 16,250.

Kama ingenunua friji mpya inayokula uniti 0.8 kwa siku, jumla ingekuwa uniti 64 na malipo shilingi 6,400. Tofauti ni shilingi 9,850 kwa mwezi, sawa na shilingi 118,200 kwa mwaka. Ikiwa friji kuukuu iliuzwa shilingi 250,000 na mpya shilingi 450,000, ile nafuu ya shilingi 200,000 inamalizika ndani ya miezi 21.

Mambo yanaweza kuwa mabaya zaidi. Kaya inayozoea kuvuka uniti 75 inaweza kuhamishiwa daraja la T1, ambako kila uniti ni shilingi 292 tangu ya kwanza. Uniti 100 zitagharimu shilingi 29,200, na nafuu yote ya friji kuukuu itakuwa imeliwa kabla ya mwezi wa tisa kwisha. Kuanzia hapo mwenye friji analipia bango aliloliona dukani.

Zaidi ya umeme kuna suala la gesi. Friji za zamani sana zilitumia gesi ya R-12, inayoharibu tabaka la ozoni. Chini ya Mkataba wa Montreal, nchi zinazoendelea zilitakiwa kuachana na gesi za kundi hilo kufikia Januari 1, 2010. Friji ya namna hiyo ikivuja, fundi hana gesi halali ya kuijaza. Uganda ilitangaza katika bajeti ya mwaka 2009 kupiga marufuku uingizaji wa friji, runinga na kompyuta zilizotumika, kwa hofu ya kugeuzwa jalala.

Vifaa vilivyotumika kutoka Japan vina mtego wake pia. Umeme wa Japan ni volti 100, na wa Tanzania ni volti 230. Kifaa kisichoandikwa kwamba kinapokea volti zote mbili kitaungua siku ya kwanza, au kitahitaji transfoma ambayo nayo ni gharama.

Sheria inasemaje

Mnunuzi wa bei ya punguzo hapotezi haki zake. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu ubora, asili au bei ya bidhaa, na Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo yenye jukumu la kuisimamia. Lakini kasoro ambayo muuzaji aliitaja wazi kabla ya mauzo ni vigumu kuidai baadaye. Hivyo ni busara kumtaka muuzaji aandike sababu ya punguzo na muda wa dhamana, pamoja na kutoa risiti ya mashine ya EFD. Anayekataa kuandika anachokisema kwa mdomo anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kabla ya kutoa fedha

Kwa yote hayo, mnunuzi anashauriwa kuuliza mambo matano. Kwa nini bei imeshuka? Kifaa kinahitaji kuongezewa nini ili kifanye kazi nyumbani kwangu? Kinakula uniti ngapi kwa mwezi? Spea na fundi wake wanapatikana Shinyanga, au hadi Mwanza? Na je, kinaweza kuwashwa hapa hapa dukani, kwa muda wa kutosha, mbele ya macho yangu?

Pasi, redio, feni au spika ambayo imepitwa na rangi tu inaweza kupita mtihani huo, na anayeinunua kwa nusu bei hana sababu ya kujuta. Friji kuukuu, simu isiyopokea programu na kompyuta iliyoachwa na watengenezaji wake mara nyingi hazitapita. Wahenga walinena kwamba rahisi ni ghali. Kwa mkulima wa Samuye, ambaye fedha zake huja mara moja kwa msimu, ni vema ughali huo ukaonekana akiwa bado dukani, kabla hajafika nyumbani na kuanza kuulipa kwenye LUKU.