Matuta na Misimbo: Uundaji wa Makundi ya Mada katika Majibu Huria ya Kiswahili kwa Akili Unde

Hojaji huwa na maswali ya aina mbili. Yapo yanayompa mhojiwa majibu ya kuchagua, na yapo yanayomwachia ajibu kwa maneno yake mwenyewe. Aina hii ya pili, yaani swali huria, ndiyo inayomlazimu mtafiti kusimba: kuyasoma majibu, kuyaundia makundi ya mada, na kulipa kila jibu msimbo wa kundi lake. Kazi hiyo, ambayo zamani ilifanywa kwa kalamu na kadi, sasa hukabidhiwa akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba. Kasi yake haina ubishi. Linalomhusu mwanaisimu wa Kiswahili ni jingine, nalo ni kwamba mashine huyaona maneno yanayozungumzia kitu kimoja upesi kuliko inavyouona msimamo wa msemaji juu ya kitu hicho. Na katika Kiswahili msimamo huo mara nyingi umebebwa na viambishi vya kitenzi.

Historia ya Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, inaonesha uzito wa jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliendesha huko mpango wa matumizi ya ardhi uliowataka wakulima wachimbe matuta ya ngazi kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Mwaka 1955 upinzani uligeuka ghasia, na mpango ukaachwa. Maandishi ya baadaye, kikiwamo kitabu cha Roland Young na Henry Fosbrooke cha mwaka 1960 na makala ya Paul Temple ya mwaka 1972, yanaonesha kwamba malalamiko hayakuwa ya namna moja. Ilikuwapo shuruti, ulikuwapo uzito wa kazi yenyewe, na ulikuwapo udongo wa chini usio na rutuba uliofukuliwa na kuachwa juu. Laiti maoni ya wakati ule yangalikusanywa na kuwekwa yote chini ya msimbo mmoja, "kupinga matuta", ofisa angalihitimisha kwamba Waluguru hawaujali udongo wao. Hilo lingekuwa kosa la usimbaji kabla ya kuwa kosa la siasa.

Na tuchukuliwe majibu matatu ya kubuni kutoka kwa wakulima wa miteremko hiyo: "tulichimba matuta", "tulichimbiwa matuta" na "tulichimbishwa matuta". Mzizi ni mmoja, -chimb-. Jibu la kwanza ni taarifa ya kazi. La pili linasema kwamba wengine waliwafanyia wasemaji kazi hiyo. La tatu ni shitaka. Mbinu za kitakwimu za mwanzoni mwa karne hii, kama ile iliyochapishwa na Blei, Ng na Jordan mwaka 2003, huhesabu maneno yanayotokea pamoja. Kwa mbinu hizo vitenzi hivyo vitatu ni maneno matatu yasiyohusiana hata kidogo. Ili kuliondoa tatizo hilo wachambuzi huvipunguza vitenzi hadi mizizi yake, na hapo -ish- na -w- hutupwa pamoja na shuruti iliyokuwa ndani yake. Miundo mikubwa ya lugha ya leo hufanya kinyume cha ile ya kwanza: hulikata neno vipande, hulipa kila jibu nafasi yake katika ramani ya namba, kisha huyakusanya yaliyo jirani. Majibu hayo matatu, kwa kuwa yote yanahusu kuchimba matuta, yana kila sababu ya kuangukia kundi moja. Mbinu ya zamani hutenganisha yasiyostahili kutenganishwa, na mpya huunganisha yasiyostahili kuunganishwa.

Nomino nazo zina mitego yake. Matuta ni ya ngazi mlimani, ni ya viazi shambani, na ni yale ya barabarani yanayopunguza mwendo wa magari. Mkazi wa mjini Morogoro akijibu kwamba kero yake ni "maji", yaelekea anazungumzia bomba. Mkulima wa Mgeta, anakolimwa mboga kwenye miteremko, huenda anazungumzia mfereji wa kumwagilia au mvua inayoondoka na udongo. Neno "ukoo" ni gumu zaidi. Kwa desturi ya Waluguru ardhi hufuata ukoo wa upande wa mama, kwa hiyo jibu lenye neno hilo, ambalo mashine ingelipeleka kwenye kundi la "familia", linaweza kuwa linahusu haki ya kulima. Kuyatafsiri majibu kwa Kiingereza kabla ya kuyasimba, kama wengi wafanyavyo, hakuyaondoi matatizo haya. Huyaficha tu.

Njia inayofaa huanza kwa kusoma. Barney Glaser na Anselm Strauss, katika kitabu chao cha mwaka 1967, walisisitiza kwamba dhana zitokane na data zenyewe, na rai hiyo haijachakaa. Mtafiti asome sampuli ya majibu kabla ya mashine kuguswa, aandike kila kundi kwa maelezo, kwa mifano na kwa yale yasiyoingia humo, na msimamo aupe msimbo wake mbali na mada. Ndipo mashine ipewe mwongozo huo. Ikiachwa ibuni makundi peke yake, yaweza kutoa orodha moja leo na nyingine kesho kwa majibu yale yale. Wasimbaji wawili wanaoijua lugha wasimbe sehemu ya majibu kila mmoja kivyake, na upatanifu wao, na ule wa mashine nao, upimwe kwa kipimo kama kapa ya Jacob Cohen ya mwaka 1960. Kapa ikiwa ya juu kwa jumla lakini ya chini kwenye kundi la shuruti, kundi hilo ndilo la kurudiwa. Kundi la "mengineyo" lisomwe lote kwa macho, kwani mashine yaweza kulijaza kwa majibu yaliyoandikwa kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiluguru. Na jibu la asili, pamoja na viambishi vyake vyote, lihifadhiwe kando ya msimbo wake.