Kabla Hamjabadili Taa za Gari, Tazameni Nyaya

Wengi wetu akina mama hatuna habari na yaliyo chini ya boneti. Gari likiwaka tunapanda, likigoma tunashuka. Lakini ndani ya gari hilo ndimo tunamowapakia watoto wetu usiku, na fedha za kulitengeneza hutoka katika mfuko ule ule wa karo na unga. Kwa hiyo tunaomba msomaji atuvumilie leo tukizungumza juu ya waya na fyuzi.

Jambo hili tulijifunza usiku mmoja tukitoka Morogoro kurudi Dar es Salaam. Tulikuwa sita garini: wazazi wawili, watoto watatu na bibi yao. Wiki mbili kabla, baba watoto alikuwa amefungiwa taa mpya za mbele, zile ziitwazo zenoni, zenye mwanga mweupe unaokaribia ubuluu. Tulizisifu sana. Tulipokaribia Chalinze mvua ikaanza, tukawasha waipa na feni ya kuondoa ukungu kwenye kioo. Taa ya kushoto ikapepesa mara mbili, ikazimika. Haukupita muda, ya kulia nayo ikaifuata. Nyuma yetu kulikuwa na lori, mbele giza tupu. Baba watoto akasogea pembeni kwa kubahatisha, na hapo ndipo tuliposikia harufu. Kazini tumezoea harufu za kila namna, lakini ya plastiki inayoungua karibu na watoto haizoeleki. Tuliwatoa wote kwa mlango wa upande wa majani, bibi akiwa na kiatu kimoja.

Hakuna aliyeumia. Asubuhi fundi mmoja mtu mzima alifungua boneti akatuita tutazame. Soketi ya taa ilikuwa imeyeyuka. Mahali pa fyuzi palikuwa na kipande cha waya kilichosokotwa. Yule aliyefunga taa aliona fyuzi inakatika mara kwa mara, akaona dawa ni kuiondoa.

Kwa nini zilizimika?

Globu ya kawaida ina uzi mwembamba ambao ukipitisha umeme hupata moto na kung'aa. Upande wa dimu huwa na wati 55, kwa hiyo kwa volti 12 hutumia kama ampea 4 na nusu. Taa ya zenoni haina uzi. Ndani yake mna gesi na chumvi za madini, na umeme huruka kutoka ncha moja hadi nyingine kama radi ndogo. Ili uruke mara ya kwanza huhitaji volti 20,000 au zaidi, na kazi hiyo hufanywa na kisanduku kiitwacho balasti. Ikishatulia, taa hutumia wati 35 tu. Hapo ndipo wauzaji wanapoanzia: "Mama, hizi zinakula umeme kidogo kuliko za zamani." Ni kweli, zikishatulia. Lakini wakati wa kuwaka balasti huvuta umeme mara mbili ya huo na hata zaidi, na mzigo huo hubebwa na waya mwembamba wa kiwandani, ambao pengine una umri wa miaka 20.

Sisi wauguzi tunalifahamu jambo hili kwa njia nyingine. Mama aliyepoteza damu nyingi baada ya kujifungua hawekewi sindano nyembamba ya mtoto mchanga. Chupa inaweza kuwa imejaa, lakini tundu likiwa dogo kinachofika ni kidogo.

Tena kuna tofauti ambayo fundi yule alitueleza mara mbili ndipo tukaielewa. Globu ya kawaida ikipata umeme pungufu hufifia tu. Volti zikipungua sehemu 1 katika 10, mwanga hupungua karibu sehemu 3 katika 10, lakini globu yenyewe haidai zaidi. Balasti haikubali kupunjwa. Imetengenezwa kutoa wati zake zile zile, kwa hiyo volti zikishuka huvuta ampea nyingi zaidi ili kufidia. Waya na soketi yenye kutu hupata joto, joto huongeza upinzani, na volti huzidi kushuka. Mwishowe balasti hushindwa na kujizima. Waipa na feni vilipoongeza mzigo usiku ule, nyaya zetu zilikuwa tayari zimechoka.

Namna ya kufunga vizuri

Fundi anayejua kazi haupitishi mzigo wa zenoni kwenye nyaya za zamani. Huvuta waya mpya mnene kutoka kwenye betri moja kwa moja, akauwekea rilei. Rilei ni swichi inayoendeshwa na umeme mdogo: waya wa zamani wa taa unabaki na kazi ya kuiamuru tu, na mzigo wenyewe unapita kwenye waya mpya. Fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri, kwa sababu sehemu yoyote ya waya iliyo kabla ya fyuzi haina ulinzi. Ikumbukwe pia kwamba fyuzi hulinda waya, si taa. Ikikatika, tafuteni sababu. Kuweka kubwa zaidi, au kipande cha waya kama cha kwetu, ni sawa na kumpa mgonjwa dawa ya homa huku jipu likiachwa.

Waya wa ethi nao husahauliwa. Umeme unaokwenda lazima urudi, na skrubu yenye kutu au iliyofungwa juu ya rangi huuzuia sawasawa na waya mwembamba. Balasti ifungwe kwa skrubu mahali pakavu, mbali na joto la injini, wala isining'inizwe kwa kamba. Na magari mengi ya Kijapani, zikiwemo Toyota kadhaa, hukata umeme wa taa upande wa hasi badala ya chanya. Fundi asiyelipima hilo kwanza anaweza kufunga kila kitu kwa usafi, na taa za ful zisifanye kazi.

Tunawasihi kina mama wanaoosha magari nyumbani: taa hizi zikiwa zimewashwa, msiguse soketi wala nyaya zake. Volti zile 20,000 si za kuchezea, na mtoto asiachiwe kuchungulia boneti iliyo wazi.

Macho ya wengine

Hata nyaya zikiwa nzuri namna gani, lipo swali la kioo. Kikombe kinachong'aa nyuma ya globu ya kawaida kimepimwa kwa ajili ya uzi mdogo ulio mahali maalumu. Ukiweka zenoni humo, mwanga unaanzia pengine, nao hutawanyika na kupanda juu hadi machoni mwa anayekuja. Huko kliniki tunaona wazee ambao mtoto wa jicho umeanza kuwafunga macho. Mtu wa namna hiyo akipigwa na mwanga mkali huchukua muda mrefu kabla ya kuona tena, na muda wote huo gari lake linakwenda. Uingereza, tangu mwaka 2021, gari lililoanza kutumika kuanzia Aprili 1986 huanguka katika ukaguzi wa kila mwaka likikutwa taa zake za kawaida zimegeuzwa kuwa zenoni. Magari yaliyotoka kiwandani na zenoni ni habari nyingine, maana kioo na nyaya zake vilitengenezwa pamoja na taa.

Sisi tuliziondoa. Pengine wapo walioridhika nazo, hatugombani nao. Tulipomweleza fundi kwamba taa za zamani zilikuwa hafifu ndiyo maana tukabadili, alichukua kipimo chake, akarudisha globu ya kawaida na kuwasha injini. Kwenye betri kipimo kilisoma volti 13.8, kwenye soketi ya taa ya pili, ile isiyoyeyuka, 11.9. Karibu volti 2 zilikuwa zinapotelea njiani. Alisema yeye huanza kutafuta kosa zikipotea zaidi ya nusu volti.

Basi akafunga nyaya mpya, rilei mbili, moja ya dimu na moja ya ful, fyuzi na soketi, akasafisha ethi, akasugua ule ukungu wa njano kwenye vioo vya taa. Globu zikabaki zile zile za wati 55 na 60. Gharama yote ilikuwa chini ya bei tuliyonunulia zenoni.

Safari yetu ya kwanza ya usiku baada ya hapo ilikuwa ya kwenda Chalinze msibani. Baba watoto aliendesha kimya hadi Mlandizi, kisha akasema kwamba tangu anunue gari lile, taa zake hakuwahi kuziona.